Sabuni Iko Ndani, Choo Kiko Nje

Kaya nyingi za Shinyanga na Geita zina sabuni. Hilo husahaulika kila tunapokaa kupanga kampeni nyingine ya kunawa mikono. Ingia kwenye mji wowote wa Kishapu, Msalala au Nyang'hwale, omba sabuni, na mtoto ataagizwa ndani akuletee: kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kisu, kimeviringishwa kwenye mfuko, kimewekwa juu ya kabati au uvunguni ambako kuku hawafiki. Kipande hichohicho ndicho cha kufulia, cha kuogea, cha kuoshea vyombo na cha kumwogesha mtoto mchanga. Kikiisha kabla ya siku ya mnada, hakuna kingine. Mama mwenye mji anakilinda, na ana haki ya kukilinda.

Choo kiko mwisho wa ua. Huko hakuna maji wala sabuni. Kwa hiyo anayetoka chooni akitaka kunawa kama tunavyomfundisha, inabidi avuke ua, aingie ndani, aombe sabuni, achote maji ndooni kwa kikombe, atafute wa kummiminia, kisha arudishe sabuni mahali pake. Mtoto wa miaka sita hafanyi hivyo. Mama aliyeacha ugali motoni hafanyi hivyo. Baba aliyetoka shambani na njaa yake ananyunyizia vidole maji kidogo, anakaa kula.

Hoja yangu ni kwamba watu wa ukanda huu hawakosi elimu ya kunawa mikono. Wanachokosa ni maji na sabuni vikiwa mahali pamoja, pale mikono inapochafukia na pale inapokaribia chakula. Pengo hilo linazibika kwa vitu vilivyomo ndani ya kaya zenyewe: dumu kuukuu, kamba, vijiti, chupa tupu ya maji ya dukani na pakiti ndogo ya sabuni ya unga. Yapo pia mambo ambayo dumu na chupa haviyawezi, hasa kwenye machimbo, na hayo yanahitaji kusemwa wazi.

Taifa hili limehubiri usafi kwa muda mrefu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilifikia watu wapatao milioni 2, na vyoo vilichimbwa kwa wingi nchi nzima. Tangu 2008 tunaadhimisha Siku ya Kunawa Mikono Duniani kila Oktoba 15. Mwishoni mwa 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Hizi zote zilikuwa na faida, hasa kwa vyoo. Mikono imebaki nyuma.

Ushahidi upo. Benki ya Dunia iliposaidia kampeni kubwa ya vyoo na kunawa mikono katika wilaya 10 za vijijini Tanzania, watafiti waliopima matokeo na kuyachapisha mwaka 2017 waliona vyoo vimeongezeka na watu wanaojisaidia porini wamepungua sana. Upande wa mikono, mabadiliko yalikuwa madogo, na yalionekana zaidi wakati wa kuandaa chakula kuliko baada ya kutoka chooni. Jirani zetu wa Kagera nao walifanyiwa utafiti ulioitwa Mikono Safi, katika shule za msingi 16. Watoto walifundishwa, sehemu za kunawia zikaboreshwa, na kunawa kukaongezeka. Minyoo haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha.

Wapo wanaosoma matokeo kama hayo na kusema basi kunawa mikono hakufai. Mimi nayasoma vingine. Mapitio ya tafiti nyingi kutoka nchi za kipato kama chetu yanaonyesha kwamba kuhimiza kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, na hakuna dawa ya bei hiyo yenye nguvu hiyo. Lakini mtoto wa Kagera akinawa shuleni saa nne asubuhi, saa nane anarudi kwenye ua wenye udongo uleule na choo kilekile kisicho na maji. Amy Pickering, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake walipima mikono ya akina mama wa Tanzania, wakachapisha mwaka 2011 kwamba uchafu hurudi mikononi haraka mno baada ya kunawa, kwa kazi za kawaida tu za nyumbani. Mkono haubaki safi kutwa nzima. Unatakiwa uwe safi katika dakika chache maalumu: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kushika unga, kabla ya kulisha, kabla ya kula. Ndiyo maana nasisitiza mahali. Sabuni ikiwa mbali na dakika hizo ni sawa na haipo.

Tuje kwenye maji, maana Shinyanga huwezi kuzungumzia usafi ukaruka maji. Huu ni mkoa mkavu. Watu wake wamezoea malambo, visima vya kuchimba kwa mkono kwenye mito ya mchanga, na foleni. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, lilipofika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, lilibadili maisha ya miji hiyo na ya vijiji vilivyo karibu na njia yake. Ukitoka nje ya njia hiyo bado maji yanabebwa kwa baiskeli, kwa punda na kwa kichwa, na kwenye machimbo mapya yananunuliwa kwa dumu.

Sasa piga hesabu. Kaya ya watu saba, kila mmoja anawe mara tano kwa siku, hizo ni mara 35. Ukimimina kwa kikombe, nusu lita inakwenda kila mara, na jumla inakuwa lita 17 na nusu, karibu ndoo nzima ya lita 20. Kwa mama anayetembea nusu saa kufuata maji, tumemwambia aongeze safari moja kila siku kwa ajili ya mikono peke yake. Hatakubali, na yuko sahihi. Lakini maji yakitoka kwa mchirizi mwembamba, mililita 100 zinatosha kulowesha, kusugua na kusuuza. Jumla inashuka hadi lita 3 na nusu.

Hiyo ndiyo kazi ya kibuyu chirizi. Chombo hiki kilianzia Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyekibuni, Dokta Jim Watt, alitumia kibuyu hasa, kile cha kuchotea maji. Siku hizi tunatumia dumu la lita 3 au 5. Unatoboa tundu dogo la ukubwa wa msumari karibu na mdomo wa dumu, unalitundika kwenye kijiti kilichopitishwa juu ya nguzo mbili zenye panda, unafunga kamba kwenye shingo yake na kuishusha hadi kwenye kijiti cha chini cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi. Mkono haugusi chochote, na hapo kinaishinda hata ndoo ya koki, kwa sababu koki hufunguliwa kwa mkono mchafu na kufungwa kwa mkono uleule uliokwisha kunawa. Chini unaweka kokoto ili pasigeuke tope na mazalia ya mbu.

Kila afisa afya wa ukanda huu anajua kujenga kibuyu chirizi. Kila afisa afya anajua pia kwamba baada ya miezi mitatu vingi vinakuwa vimekauka. Mchwa wanakula nguzo. Jua linaunguza plastiki mpaka inapasuka. Mbuzi wanajikuna kwenye vijiti. Sabuni iliyotundikwa kwa kamba inayeyushwa na mvua ya kwanza, inadonolewa, au inaondoka na mpita njia. Na kubwa kuliko yote, hakuna mwenye jukumu la kujaza maji. Kilijengwa kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji alisema wakaguzi wanakuja, na wakaguzi wakaja, wakahesabu, wakaandika, wakaondoka. Halmashauri ikapata asilimia nzuri kwenye taarifa ya robo mwaka. Napinga sana utaratibu huu wa kuhesabu vibuyu. Kinachostahili kuhesabiwa ni vibuyu vyenye maji na sabuni siku ambayo hakuna aliyetangaza ujio wake.

Matatizo ya nguzo yana dawa rahisi: tundika dumu kwenye tawi la mti ulio hai karibu na choo, ukiupata, au paka mguu wa nguzo oili chafu, na usimamishe dumu upande wa kivuli. Jukumu la kujaza mpe mtoto mmoja kwa jina, asubuhi na jioni. Ila tatizo la sabuni linahitaji ufumbuzi wa namna nyingine, na huo ndio ninaotaka kuueleza kwa kirefu.

Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Ijaze maji. Tia gramu 30 za sabuni ya unga, takribani vijiko viwili vya chakula, tikisa, acha itulie. Toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto. Itundike kwa kamba kando ya kibuyu chirizi, na nyingine iweke karibu na jiko. Ukiiminya inatoa kijiko kimoja cha chai cha maji ya sabuni, kama mililita 5, na hicho kinatosha mikono miwili. Kwa hesabu ya kaya yetu ya watu saba, chupa moja inatosha mara 300, zaidi ya siku nane, kwa gharama ya shilingi mia chache za pakiti moja ya dukani.

Wataalamu wa Bangladesh ndio walioipima njia hii kwa makini zaidi, wakaona maji ya sabuni yanaondoa bakteria wa kinyesi mikononi sawa na sabuni ya kipande. Huko Kisumu, Kenya, wabunifu walikwenda hatua zaidi wakatengeneza chombo maalumu cha kunawia kinachotoa povu la sabuni na maji kidogo, wakakiita Povu Poa. Kwetu sioni haja ya chombo maalumu. Chupa tupu zimejaa mitaroni Kahama na Katoro.

Faida ya chupa kwa kaya ya Kisukuma ni kubwa kuliko bei yake. Maji ya sabuni hayafai kuogea wala hayavutii mwizi. Kuku hawayali. Mvua haiyayeyushi. Watoto wanapenda povu, nao ndio tunaowataka zaidi. Zaidi ya hapo, chupa inamtoa mama kwenye ulinzi wa kipande. Kipande cha mche kinabaki ndani kwa nguo na kuoga, na mikono inapata sabuni yake yenyewe, isiyogombaniwa na kazi nyingine. Nimeona nyumba ambazo ubishi wa sabuni kati ya mama mkwe na mke wa mwanawe uliisha kwa jambo hili tu: chupa ya nje ni ya mikono, haiulizwi.

Yapo ya kuangalia. Sabuni ya unga ikizidi inakausha ngozi mpaka inapasuka, kwa hiyo usiongeze kipimo ukidhani unaongeza usafi. Chupa ya maji ya kunywa yenye maji ya sabuni inaweza kumdanganya mtoto akainywa. Ichore alama ya wino au uifunge kitambaa chekundu, na uitundike kwa kamba fupi. Usichanganye na dawa ya klorini. Wenye kutumia sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya akina mama mitaani nao wanaweza kuizimua kwa maji katika chupa hiyohiyo, mradi wanunue ile yenye povu na utelezi. Inayouzwa ikiwa nyepesi kama maji ya bomba haina la kuzimua. Vikundi hivyo vinapata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni haki kuvitaka vitoe bidhaa yenye nguvu iliyopimwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kwa nini sabuni, na si maji matupu? Virusi wa Marburg, ambao Januari 2025 walithibitishwa Biharamulo, wilaya ya Kagera inayopakana na mkoa wa Geita, wana ganda la mafuta, na sabuni hulipasua. Virusi wa rota wanaoharisha watoto hawana ganda hilo. Mayai ya minyoo ndiyo sugu kabisa. Hao sabuni haiwaui. Inawang'oa kwenye ngozi, kusugua kunawalegeza, na maji yanayotiririka yanawaondoa. Ndiyo sababu sekunde 20 za kusugua zina maana, na kucha zina maana, na beseni la pamoja halina maana. Beseni likizunguka wageni sita kabla ya ugali, wa sita ananawa uchafu wa watano waliomtangulia. Kumimina kwa jagi au birika ni desturi nzuri ya nyumba nyingi. Ikamilishwe kwa tone la maji ya sabuni, na mikono ikaushwe kwa kuipunga hewani kuliko kwa kanga iliyokwisha kufuta pua ya mtoto.

Wasomaji huuliza kama maji ya lambo yanafaa kunawia. Yanafaa, yakiwa na sabuni na yasiwe tope. Maji ya kunawa hayahitaji kuchemshwa. Kuni za kuchemshia ziwe kwa maji ya kunywa.

Majivu nayo yana wapenzi wengi, hasa wazee. Utafiti wa Bangladesh wa miaka ya 1990 ulionyesha majivu na hata udongo vinaondoa bakteria kuliko maji peke yake, ingawa mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2020 yalisema ushahidi wake bado ni mdogo. Msimamo wangu: sabuni ikikosekana kabisa, tumia majivu meupe ya kuni yaliyopoa siku hiyohiyo, yaliyofunikwa kwenye kopo ili kuku wasiyachezee. Udongo usitumie kabisa, kwa kuwa udongo wa uani ndio ghala la mayai ya minyoo. Na kwenye machimbo kuna katazo la ziada: majivu ya jiko lililowahi kuchomewa dhahabu yasiguse mkono wa mtu wala sufuria.

Kuhusu vitakasa mikono vya kujitengenezea, hasa vile vilivyozagaa wakati wa korona mwaka 2020, nitasema kwa ufupi. Kinachofanya kazi ni pombe kali ya asilimia 60 kwenda juu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani inafikia 80. Konyagi ni asilimia 35. Gongo haijulikani ni asilimia ngapi, na inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Mshubiri na ndimu havina kazi hiyo. Kitakasa cha kweli ni kizuri, na mwaka 2010 Pickering na wenzake walionyesha Dar es Salaam kwamba hakishindwi na sabuni kwenye mikono ya akina mama. Lakini ni ghali kwa kaya, na mkono wenye tope au mafuta unahitaji maji. Gongo isimwagwe mikononi kwa jina la afya.

Sasa machimbo. Kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hadi Mgusu na vichaka vya Mbogwe na Bukombe, maisha ya kaya yanafuata dhahabu. Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea, kwa wiki chache kijiji kinazaliwa: vibanda vya miti na turubai, mama ntilie, maduka ya simu, karasha za kusaga mawe zinazonguruma usiku. Choo, kikiwepo, ni shimo lililozungushiwa viroba, na linatumiwa na makumi ya watu. Kibuyu chirizi kiliumbwa kwa mazingira hayo, kwa sababu kinajengwa kwa saa moja na kuhamishwa kambi ikihama. Ningetaka kukiona kwanza kwa mama ntilie, kwa maana ndiye anayelisha watu wengi kwa mikono miwili. Kipindupindu kilipozunguka Kanda ya Ziwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, Shinyanga ikiwamo, sahani za namna hiyo ndizo zilizokuwa za kuangaliwa.

Lakini mkono wa mchimbaji una kitu kingine. Pale mwaloni, mahali pa kuoshea na kukamatia dhahabu, mchanga uliooshwa unawekwa kwenye beseni, zebaki inatiwa, na mtu anakoroga kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ishikane. Kisha inakamuliwa kwenye kitambaa, na donge linalobaki linachomwa juu ya mkaa. Mara nyingi anayekoroga ni mwanamke, na mtoto yuko mgongoni. Rwamgasa imejulikana kwa wataalamu wa zebaki tangu mradi wa kimataifa wa UNIDO ulioanza mwaka 2002 ulipoichagua kuwa eneo lake la Tanzania. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao nchi yetu imeuridhia, unataka matumizi haya yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe.

Hapa sabuni inafikia ukomo wake. Zebaki ya maji haipiti kirahisi kwenye ngozi wala tumboni. Sumu kubwa ni mvuke wake: mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 inaingia damuni, kisha kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Kunawa hakumwokoi anayechoma dhahabu ndani ya chumba anacholala. Dawa yake ni ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke huo, au kuacha kuchoma nyumbani. Hata hivyo mkono una sehemu yake katika habari hii, kwa sababu ndio unaoibeba zebaki kutoka mwaloni kwenda nyumbani, pamoja na nguo, kucha na lile beseni. Matone yaliyojificha kwenye mikunjo ya nguo yanaendelea kutoa mvuke usiku kucha. Kwa hiyo mchimbaji anawe na abadili nguo hukohuko mwaloni kabla ya kurudi, kwa maji baridi na sabuni. Maji hayo yasimwagwe kisimani wala mtoni. Na beseni la zebaki lisivuke kizingiti cha nyumba, hata likisuguliwa mara ngapi. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya usafi wa familia yako kwenye machimbo, nunua beseni la pili.

Kuna jambo jingine linalopita mkononi na kuishia mdomoni. Elias Nyanza wa chuo cha afya cha CUHAS, Bugando, na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita, wakakuta karibu nusu ya waliohojiwa wanakula udongo. Walipoupima, walikuta ndani yake madini yenye sumu. Mjamzito anayenawa vizuri kisha akatafuna udongo wa pemba amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Wahudumu wa kliniki waulizie udongo kama wanavyoulizia chandarua, bila kumdhihaki mtu.

Wakulima wa pamba wa Kishapu na Ushetu nao wasijione wako mbali na sumu. Aliyenyunyiza dawa shambani asishike matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) wala mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, na chupa ya dawa isigeuzwe kamwe kuwa chupa ya maji ya sabuni.

Yote niliyoyaeleza kaya inaweza kuyafanya bila kumsubiri mtu. Kuna yasiyowezekana bila serikali, na tusiyafunike kwa kusifia ubunifu wa wananchi. Kaya isiyo na maji ndani ya nusu saa haitanawa mara 35 kwa siku, hata ikiwa na chupa kumi. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inawataka wenye leseni waandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii wakikubaliana na halmashauri, na migodi mikubwa hulipa pia ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo. Geita ina mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, na Msalala ina Bulyanhulu. Fedha hizo zimejenga madarasa na vituo vya afya, na ni vizuri. Ila bado sijaona sababu ya kambi ya wachimbaji wadogo, inayolipa ushuru kwa kila mfuko wa mawe, kukosa kituo cha maji na sehemu ya kunawia mwaloni.

Waheshimiwa madiwani, mabaraza yenu yatakapokaa kupitisha bajeti ya mwaka ujao, ulizeni mialo mingapi katika kata zenu ina maji ya bomba au kisima kilichopimwa, na ombeni idadi ya vibuyu chirizi vilivyokutwa na maji na sabuni bila ukaguzi kutangazwa. Nawe msomaji, usiwasubiri. Chupa tupu unayo, pakiti ya sabuni ya unga iko dukani kwa jirani. Changanya leo, tundika moja chooni na nyingine jikoni, na mtaje kwa jina mtoto atakayezijaza.